Pua ya Perrudin

Courvannes, 3 Februari 1973

Mdogo wangu Anselme,

Sikuulizi hali, maana mtu aliye likizo ana hali nzuri. Nakuuliza akili.

Nimekuta kikaratasi chako chini ya bakuli la sukari. "Dada, nimekwenda Hispania likizo, kuonja mivinyo yao ya mapovu. Nitarudi kabla ya kuchanganya. Usimwambie mtu." Nimekisoma nikiwa nimesimama, nikakisoma tena nikiwa nimekaa. Likizo, wewe? Tangu uzaliwe umelala nje ya kijiji hiki kwa sababu ya vita na kwa sababu ya kidole tumbo, basi.

Na huko kusema nisimwambie mtu ni kazi bure. Firmin wa posta alikuona stesheni na sanduku la marehemu baba, na kabla ya chakula cha mchana duka la mkate lilikuwa na habari zako za aina mbili. Ya kwanza ni kwamba una mwanamke. Ya pili anaisambaza Gaspard Loubrecq, mwenyekiti wetu wa ushirika, kwamba umekwenda kujiuza kwa Wahispania uwatengenezee mvinyo. Ya mwanamke niliicheka. Ya Gaspard sikuicheka.

Wewe ndiye uliyesimama kwenye karamu ya Mtakatifu Vinsenti mwaka juzi, mbele ya wakulima wote, ukasema Mhispania anayeuita mvinyo wake shampeni ni sawa na mtu aliyevaa suruali ya jirani aliyoianua kwenye kamba. Watu walipiga meza. Mwaka huu kikombe kilipokufikia ulikunywa, ukampa mwenzako, hukusema neno. Wakakutazama, nami nikakutazama. Na wiki ile ile nilichoma supu ya kabichi ikawa nyeusi chungu nzima, ukaimaliza na kuniambia ahsante. Mtu mwenye dhamiri safi husema supu imeungua.

Unajua tulivyoachiwa. Baba alituzunguka wote wawili ili tusiachane: mashamba aliyaandika kwa jina langu, ghala na mapipa kwa jina lako. Bila zabibu zangu huna cha kuweka kwenye pipa, na bila pua yako mimi ni muuza zabibu tu kama wengine, na jina la Perrudin halitabandikwa kwenye chupa yoyote. Mvinyo wa mashamba yote matatu uko kwenye mapipa unasubiri uuchanganye kabla joto halijaingia. Sasa niambie ukweli, umefuata nini huko?

Dada yako,
Honorine


Sant Sadurní, 9 Februari 1973

Dada Honorine, mama mkuu wa mashamba,

Barua yako imefika, na hapa nyumbani wameniuliza kama kuna msiba, kwa jinsi nilivyokunja uso. Nikawaambia hapana, ni dada yangu ananisalimia.

Nimefuata mivinyo. Sikukuficha, nilikuandikia. Mtu akifika umri wangu ana haki ya kumwonja adui yake kabla hajafa. Nimepanga chumba kwa mjane mmoja, Bibi Remei Farrés, mwenye ghala lake mwenyewe chini ya nyumba na mkwe aitwaye Ramon ambaye hanipendi. Kabla hujaanza, Bibi Remei ana miaka sabini na tatu na masharubu kunishinda.

Wanauita shampeni mbele ya uso wangu, tena wananitazama waone nitafanya nini. Nafanya kama sijasikia. Jana walinilisha vitunguu virefu wanavyovichoma kwenye moto wa matawi ya mizabibu. Unavua ganda jeusi kwa mkono, unakichovya kwenye mchuzi, unaangalia mbinguni, unakishusha kooni. Nilipomaliza nilikuwa na masizi mpaka kwenye viwiko na mtoto wa jirani alilia aliponiona.

Mvinyo wa Bibi Remei ni wa rangi ya majani makavu. Mapovu yake ni madogo, yanapanda kwa mstari mmoja bila kugombana. Unauma ulimi mwanzoni halafu unatulia. Wa jirani yake una mapovu makubwa yenye haraka, yanakufa kabla hujakaa vizuri. Nimeonja pia mmoja mwekundu kidogo, mzuri kwa macho, mkali kwa meno. Kwa kifupi, dada, hawa si wajinga.

Nitarudi kabla ya kuchanganya. Lakini nikuombe jambo moja: Gaspard asikanyage ghalani wakati sipo. Sitaki hata asimame mlangoni.

Mdogo wako,
Anselme


Courvannes, 15 Februari 1973

Anselme,

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi si mtoto wa jirani wa kuogopeshwa na masizi.

Nimeisoma barua yako usiku, nikairudia asubuhi na miwani. Umeniandikia mivinyo mitatu, na hakuna hata mmoja wenye harufu. Umeniandikia rangi, mapovu, ulimi na meno. Wewe Anselme, ambaye hupiti mbele ya zizi bila kuniambia farasi amekula nini. Uliyemwambia padri katikati ya ubatizo kwamba mvinyo wake wa misa umefunguliwa tangu Jumapili. Mtu wa namna hiyo hawezi kunywa mivinyo mitatu ya kigeni akaniletea habari za rangi. Ama huonji kabisa na hayo yote umeyasoma kwenye karatasi za matangazo, ama unaonja, ila unachokijua humwekei dada yako tena, unamwekea mwingine.

Gaspard alikuja Jumanne. Hakukanyaga ghala, alikaa jikoni akala biskuti zangu za waridi zote. Anasema amesikia kwa mtu wake Reims kwamba kampuni moja ya huko uliko inatafuta mchanganyaji kutoka kwetu, tena atapewa na nyumba yenye bustani. Nikamwuliza jina la kampuni. Hakulijua. Nikamwuliza kwa nini ananiambia mimi. Akasema ushirika una nafasi kwa zabibu zangu endapo nitabaki peke yangu, na akalisema hilo la kubaki peke yangu taratibu, huku akinitazama.

Sasa nimepata dawa ya wasiwasi wangu. Bwana Bofill, muuza vizibo, anarudi kwao Hispania na gari lake, na ni mwendo mfupi mpaka hapo ulipo. Nimempa chupa tatu ndogo, moja kwa kila shamba, nimezifunga kwa matambara na kuandika majina: Makaburini, Bondeni, Kisogoni. Zionje. Niandikie tuchanganye vipi, kiasi gani cha kila moja. Ukiwa bado ni mtu wa nyumba hii, kazi hiyo ni ya nusu saa kwako.

Honorine


Sant Sadurní, 22 Februari 1973

Dada,

Chupa zimefika salama. Bofill alizipakata kama mayai.

Nimezionja zote tatu asubuhi, kabla ya kula, kama baba alivyotufundisha. Makaburini ni mvinyo mzuri sana mwaka huu, una adabu, ni wa kutegemewa. Bondeni umenisikitisha. Ni mwembamba, hauna la kusema, mvua ya Septemba imeuharibu. Kisogoni ndio wenye mwili, unajaza kinywa. Kwa hiyo weka Kisogoni nusu nzima, Makaburini wote uliopo ujaze nusu ya pili, na Bondeni tia kidogo tu usilale njaa. Umeridhika?

Sasa zamu yangu. Gaspard alikaa jikoni kwetu muda gani hata akamaliza biskuti zote? Zile biskuti hunipi mimi mpaka Pasaka. Nakufahamu, dada. Tangu baba afe unayatazama malori ya ushirika yakipita wakati wa mavuno, yanabeba zabibu za watu na kuondoka nazo, na wenyewe wanakwenda kulala. Hujawahi kusema, lakini naona unavyoyatazama. Na huyo mtu wa Reims asiyejua jina la kampuni, je, si Gaspard mwenyewe aliyejigeuza? Anakulisha maneno na wewe unatafuna.

Usisaini chochote. Nakuomba.

Anselme


Courvannes, 27 Februari 1973

Anselme,

Kaa chini kwanza.

Chupa ya Makaburini na chupa ya Bondeni nilizijaza kutoka pipa moja. Mvinyo ule ule, dakika ile ile, bomba lile lile. Mmoja umeuvisha kilemba, mwenzake umemwita mwembamba asiye na la kusema.

Na Kisogoni nilikuchotea kwenye pipa lililoota ukungu, lile la kona ambalo fundi mapipa alisema tulichome. Nilipolifungua, paka alikimbia nje ya ghala. Mvinyo wake unanuka panya aliyefia kwenye soksi. Nilijaza ile chupa nimejifunga kitambaa puani. Mpita njia tu angeumwaga. Wewe umeuita wenye mwili, ukaniambia niutie nusu nzima kwenye mvinyo wa baba yetu.

Nimekaa na jambo hili nikiligeuza kila upande, nikitafuta upande wenye huruma. Sijauona. Kama hukufungua chupa, basi umenidharau na ukaniandikia lolote lililokujia. Kama ulifungua, basi unataka mvinyo wetu uharibike, watu waukatae, niuze kila kitu kwa aibu na wewe ubaki huko na bustani yako bila wa kukuuliza. Nisamehe kama kuna jingine. Mimi sikuliona.

Nimelia, nakwambia wazi, na sikulia kwa ajili ya mvinyo.

Gaspard ameleta karatasi. Zabibu za mashamba yote matatu kwenda ushirika, kuanzia mavuno haya, kwa miaka kumi na minane. Ukiwa na la kusema, liseme sasa, maana sitasubiri hadi sikukuu ya Mtakatifu Yosefu.

Honorine


Sant Sadurní, 4 Machi 1973

Bibi Honorine,

Hunijui. Mimi ni Remei Farrés, mwenye nyumba anakolala mdogo wako. Kifaransa nilifundishwa na masista, ukikuta makosa walaumu wao. Yeye hajui kwamba nakuandikia. Barua yako ya mwisho ameisoma, ameiweka chini ya mto, na tangu hapo haji mezani.

Nami nilimshuku, kama wewe. Mfaransa anakuja kwetu, anasema ni likizo, anakwenda ghala kwa ghala, anainua glasi kwenye mwanga, anaiweka karibu na sikio, na haandiki wala hasifu. Hapa watu wanaogopa ile kesi ya jina la shampeni mnayotuandama nayo. Mkwe wangu Ramon alisema huyu ametumwa na wenzake kukusanya ushahidi. Akafunga mlango wa ghala la nyuma na kuniambia nimchunge. Nikamchunga.

Juzi nilimwona jikoni kwangu, peke yake. Nilikuwa nimetwanga vitunguu saumu kwenye kinu, vingi, vya mchuzi wa Jumapili. Aliinama akaingiza uso mzima kwenye kinu. Akakaa hivyo. Kisha akatoka akaenda zizini, akasimama nyuma ya nyumbu, akavuta pumzi kwa nguvu, mara nyingi, kama mtu aliyetoka majini. Alipotoka alikaa kwenye ngazi akafunika uso kwa mikono.

Nilimfuata nikamwambia usoni: wewe ni jasusi wa wapi? Akacheka, machozi bado yanamtoka. Akasema, "Bibi, jasusi gani huyu asiyenusa hata mavi ya nyumbu."

Homa ya Noeli ndiyo iliyomnyang'anya pua. Alisema wewe ndiye uliyemuuguza, na alipopata nafuu ulimletea kahawa, akaipokea, ikawa ni maji ya moto. Akangoja irudi. Siku ya Mtakatifu Vinsenti kikombe kilimpita naye hana la kusema. Akajua kwamba akibaki nyumbani wiki moja zaidi utamgundua, ukimgundua utasema nyumba imekwisha, na utapeleka zabibu ushirika. Kwa hiyo alikuja huku, kuonja mivinyo ambayo hakuna anayesubiri neno lake, aone kama mmoja wao utamgusa. Tena kuna daktari Barcelona, amekwenda kwake. Daktari amesema huenda ikarudi, huenda isirudi.

Chupa zako alizifungua, Bibi. Nilimwona. Alizionja, akaniuliza mimi zinanukaje. Nikamwambia siwezi kumfanyia kazi mtu ninayemshuku. Hilo linanikereketa mpaka leo, ndiyo maana nakuandikia.

Usisaini hiyo karatasi. Bofill anaanza safari kesho kuja kwenu na vizibo, nampa barua hii mkononi, posta yetu siiamini.

Remei Farrés


Courvannes, 14 Machi 1973

Anselme, mdogo wangu,

Barua ya Bibi Remei imenifikia leo asubuhi. Mpakani walimshusha Bofill, wakamfungulisha magunia yote ya vizibo wakitafuta sijui nini, na walimweka huko siku na siku. Amefika na ndevu.

Nilisaini Jumatano ya Majivu, wiki iliyopita. Nilitoka kanisani na jivu kwenye paji la uso, nikapita kwa Gaspard, nikasaini hata sikukaa.

Leo, baada ya kusoma, nilivaa viatu vya shambani nikaenda kwake nikamwomba anirudishie karatasi. Nilimwambia ukweli wote. Sikuwa na njia nyingine na sikuona aibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, tena kwa upole. Kisha akasema, "Honorine, umeniambia mwenyewe kwamba mchanganyaji wako hanusi. Nikikurudishia karatasi, utaifanyia nini?" Nikamwuliza kama ile kampuni ya Hispania ilikuwa ya kweli. Akasema alisikia tu, watu husema.

Kwa hiyo kuanzia mavuno haya zabibu zinakwenda. Mvinyo ulioko kwenye mapipa ndio wa mwisho wenye jina letu, na huo Gaspard hawezi kuugusa.

Mbona hukuniambia, Anselme? Supu uliimaliza mbele yangu. Nilikaa mkabala nawe nikikutazama unavyokula makaa, nikafikiri unanisaliti, haikunijia kabisa kwamba unateseka. Dada gani huyu.

Lakini kulia hakuchanganyi mvinyo. Pipa la kona nimelichoma uani, kijiji kizima kimefunga madirisha. Kisha nikashuka ghalani na taa na glasi moja. Hakuna mwanamke wa nyumba hii aliyewahi kuchanganya, unajua baba alivyokuwa akitufukuza, eti manukato, eti moshi wa jikoni. Sijui kama nina pua. Nimeonja mpaka ulimi umekufa ganzi. Nimetengeneza mchanganyo wa aina tatu na kila nikisema huu ndio, wa pili unanivuta. Nimezitia kwenye chupa, namba moja, mbili na tatu, safari hii bila hila yoyote, naapa kwa kaburi la mama. Bofill anakuletea. Sijui wewe utafanya nini nazo. Nimeona tu kwamba hazitakiwi kuamuliwa bila wewe.

Dada yako,
Honorine


Sant Sadurní, 22 Machi 1973

Dada Honorine,

Sikukujibu mara moja kwa sababu nilikuwa na hasira. Nilikuwa na hasira hata nikaenda kutembea mpaka kijiji cha pili, nikatukana kwa Kifaransa njia nzima, na watu wa shambani wakadhani nasali. Nilikuomba usisaini. Halafu nikakumbuka kwamba nilikuomba bila kukwambia kwa nini. Niliogopa ukijua utasaini, nikakuficha, na kwa kuwa nilikuficha ukasaini. Sina wa kumlaumu peke yake. Tugawane hilo kama tulivyogawana mengine.

Unaniuliza mbona sikusema. Kwa sababu pua ndiyo mimi, dada. Mtu mwingine akipoteza pua anapoteza harufu ya mkate. Mimi nilikipokea kile kikombe cha Mtakatifu Vinsenti na wazee wote wakinisubiri, na ndani yake hakuna kitu, na nikitazama mbele kuna miaka mingine ishirini ya kukaa kwenye meza hiyo. Nilitaka siku chache mahali ambapo naitwa Mfaransa tu.

Sasa kuhusu chupa.

Nilizipanga kwenye meza ya Bibi Remei, karibu na dirisha. Nilimwomba awe pua yangu. Alikubali, akaenda kunawa mikono na kuondoa harufu ya kitunguu, akachelewa. Nikabaki na chupa na glasi tatu zimejaa.

Nikafikiri. Huyu ni Mhispania. Ana ghala lake. Watu wake na watu wetu wako kwenye kesi. Akitaka kunichagulia mbaya kuliko zote, nitajuaje? Na mkwe wake yuko mlangoni ananitazama. Dada, mikono yangu ilikwenda yenyewe. Nilishika glasi ya kwanza na ya tatu nikazihamisha kwa kujizoeza, ili akimaliza nizibadilishe hivyo kwa siri na kumwomba arudie, nione kama maneno yake yatahama pamoja na mvinyo. Nilikuwa nimezishika hivyo nilipokumbuka chupa zako mbili za pipa moja.

Nikazirudisha zilipokuwa. Nilipata shida zaidi kuzirudisha kuliko nilivyopata kuzishika.

Bibi Remei alikaa. Wa kwanza aliunusa, akasema ni mzuri na utaharibika mapema. Wa tatu alisema umeogopa, aliyeutengeneza aliogopa. Wa pili aliunusa, akauweka chini, akaunusa tena, hakunitazama. Nikamwuliza kuna nini. Akaniambia polepole, kwa Kifaransa chake cha masista, neno baada ya neno: kuna ganda la mkate, kuna tufaha lililolala kwenye nyasi kavu, na chini kabisa kuna kitu cha mawe baada ya mvua. Nikamwambia aseme tena. Akasema tena. Akaniuliza nani ametengeneza huu, nikamwambia dada yangu, ndio mara yake ya kwanza. Akasema maneno kwa Kikatalani, lugha ya kwao, ambayo Ramon alikataa kunitafsiria, lakini Ramon huyo alicheka, na ni mara ya kwanza namwona anacheka.

Nikaunywa. Kwangu ulikuwa baridi, na mchachu kidogo, basi. Nilikaa na glasi mkononi nikiyarudia yale maneno yake moja moja, mkate, tufaha, mawe, na nikaamua kwamba yamo.

Tumia wa pili. Nakuja na treni ya Jumamosi.

Mdogo wako,
Anselme